Ubingwa wa tiba ya dharura kwa daktari aliyesomea Afrika Mashariki: Marekani, Uingereza au Muhimbili?

Daktari kijana aliyemaliza utarajali hivi karibuni aliniletea faili lake tulipitie pamoja kabla hajalipia maombi ya mafunzo ya ubingwa Marekani. Alikuwa amefaulu mitihani ya USMLE, yaani mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, alama zake za Step 2 CK, mtihani wa hatua ya pili unaopima maarifa ya kliniki, zilikuwa nzuri, na alikuwa na barua tatu za sifa kutoka hospitali mbili za huko alizokwenda kwa gharama zake mwenyewe. Nilizisoma barua zote mara mbili. Zilimsifu kuwa ni mwenye bidii, mwenye heshima na anayewahi kazini, lakini hakuna hata moja iliyosema kuwa alimpokea mgonjwa, akamchunguza, akaamua la kufanya na kulitetea mbele ya bingwa, kwa sababu katika hospitali hizo aliruhusiwa kusimama na kutazama tu. Alitaka tiba ya dharura, na kwa fani hiyo barua za namna ile hazimfikishi mtu mbali, hata awe na alama za juu kiasi gani.

Naandika ulinganisho huu kwa ajili yake na wenzake waliosomea Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Mwanza au Lubumbashi, ambao wamekwisha kuionja kazi ya chumba cha dharura wakaipenda. Karibu wote huniuliza swali lile lile: nafasi ni ngapi, na ni ngapi hubaki wazi? Kwa maoni yangu hilo silo swali linaloamua. Katika fani hii, kinachomfungulia au kumfungia mlango daktari aliyesomea nje ni barua anayoweza kuipata na viza anayoweza kupewa. Ndiyo maana njia nne ninazozilinganisha hapa, yaani tiba ya dharura Marekani, magonjwa ya ndani Marekani, tiba ya dharura Uingereza na tiba ya dharura nyumbani, nimezipima kwa vigezo hivyo viwili zaidi kuliko kwa hesabu ya nafasi.

Hesabu ya nafasi za Marekani

Hata huko Marekani tiba ya dharura ni fani changa. Programu ya kwanza ya mafunzo ilianza Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1970, na fani ikatambuliwa rasmi kuwa ubingwa unaojitegemea mwaka 1979. Baadaye ilipendwa mno na wahitimu wa vyuo vya Marekani kwenyewe, kiasi kwamba katika upangaji wa kitaifa wa mwaka 2021, unaowaoanisha waombaji na programu za mafunzo na kuendeshwa na shirika la NRMP, nafasi 14 tu kati ya 2,840 zilibaki bila mtu. Mwaka uliofuata zikabaki 219, na mwaka 2023 zikabaki 554 kati ya 3,010. Sababu zilikuwa kadhaa na zilikuja kwa pamoja: programu mpya zilikuwa zimefunguliwa kwa kasi, UVIKO-19 ilikuwa imewachosha watumishi wa vyumba vya dharura, wagonjwa waliokwisha kuandikiwa kulazwa walikuwa wakikaa kwenye korido saa nyingi kwa kukosa vitanda wodini, na chama cha madaktari wa dharura cha huko, ACEP, kilikuwa kimetoa makadirio mwaka 2021 kwamba kufikia mwaka 2030 kungekuwa na maelfu ya mabingwa wa ziada wasio na kazi ya kufanya.

Habari ya mwaka 2023 bado inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya madaktari vijana kana kwamba ni ya jana, nayo inawapotosha. Mwaka 2024 zilibaki nafasi 135, na mwaka 2025 zikabaki 65 tu kati ya 3,068. Pengo lilizibwa na wahitimu wa vyuo vya osteopathi vya Marekani, ambavyo ni mkondo wa pili wa kusomea udaktari huko, na pia na wahitimu wa nje, wakiwemo raia wa Marekani waliosomea visiwa vya Karibiani, ambao hawahitaji viza na ambao vyuo vyao huwapeleka kufanya mizunguko ya kliniki ndani ya hospitali za Marekani. Hao ndio mnaoshindana nao moja kwa moja, na wanaanza wakiwa mbele yenu kwa mambo yote mawili niliyoyataja.

Kwa upangaji mzima wa mwaka 2025, fani zote zikijumlishwa, takriban asilimia 58 ya madaktari wasio raia wa Marekani waliosomea nje walipata nafasi ya mwaka wa kwanza, wakati wahitimu wa udaktari wa vyuo vya Marekani walipata kwa asilimia 93.5. Asilimia 58 hiyo isichukuliwe kuwa ndiyo bahati ya mtu katika tiba ya dharura, kwa kuwa kundi kubwa la waliopata waliingia magonjwa ya ndani.

Barua ya SLOE

Fani nyingi za Marekani hupokea barua ya kawaida ya sifa, lakini tiba ya dharura inataka barua ya muundo maalumu iitwayo SLOE. Hii ni fomu inayojazwa na idara ya dharura yenye programu ya ubingwa baada ya mwanafunzi kufanya kazi humo kwa takriban mwezi mmoja. Anayeijaza huulizwa jinsi mwanafunzi anavyochukua historia, anavyopanga uchunguzi, anavyoelewana na wauguzi, na ni kiasi gani cha usimamizi atakachohitaji akiajiriwa. Kisha linakuja swali ambalo wakuu wa programu hulitazama kwanza: katika orodha yenu wenyewe ya wale mnaowataka, mngemweka huyu wapi, katika asilimia 10 ya juu, theluthi ya juu, theluthi ya kati au theluthi ya chini? Hakuna pa kujificha kwa maneno matamu. Barua inayosema kuwa kijana ni mpole na mchapakazi, isiyosema ana nafasi gani miongoni mwa wenzake, haiwezi kuingizwa katika mizani hiyo.

Ugumu kwa daktari wetu ni kwamba SLOE hupatikana kwa urahisi wakati mtu bado ni mwanafunzi. Hospitali za Marekani zina utaratibu wa kisheria na wa bima wa kumpokea mwanafunzi wa udaktari agusapo mgonjwa chini ya usimamizi. Daktari aliyekwisha kuhitimu bila leseni ya huko hana nafasi katika utaratibu huo, na mara nyingi huishia kutazama tu. Kwa hiyo uamuzi wa kuomba tiba ya dharura Marekani unapaswa kufanywa mtu akiwa mwaka wa nne wa masomo yake, si baada ya utarajali. Aliye bado chuoni aandike mapema kwa idara za dharura zinazopokea wanafunzi wa nje, aulize waziwazi kama atagusa wagonjwa na kama idara itamjazia SLOE, na apange mizunguko miwili ikamilike kabla ya Septemba ambapo maombi hufunguliwa. Aliyekwisha kuhitimu na hana SLOE hata moja, ningemwambia bila kumzungusha kwamba mlango huu kwake ni mwembamba sana, na kwamba fedha za maombi zingemfaa zaidi kwingine.

Kuna jambo jingine la utaratibu ambalo wengi hawajalisikia. Kuanzia msimu wa maombi wa 2025–2026, programu za tiba ya dharura zilihama kutoka mfumo wa maombi wa ERAS kwenda mfumo mwingine uitwao ResidencyCAS. Magonjwa ya ndani yamebaki ERAS. Anayetaka kuomba fani zote mbili kama kinga analazimika kujaza na kulipia mifumo miwili, mbali na ada za mitihani ya USMLE ambayo kila mmoja hugharimu takriban dola 1,000 au zaidi.

Magonjwa ya ndani kama njia mbadala

Magonjwa ya ndani ndiyo fani kubwa kuliko zote katika upangaji wa Marekani, ikiwa na nafasi zaidi ya 10,000 kila mwaka. Ndiyo pia iliyozoea wahitimu wa nje kwa miongo mingi. Zipo programu ambazo karibu darasa zima ni watu waliosomea nje, wakuu wake wenyewe walipita njia hiyo hiyo, na ofisi zake zinajua karatasi za viza kuliko mwombaji. Barua inayotakiwa ni ya kawaida, inaweza kuandikwa na daktari yeyote aliyekusimamia kwa karibu, na barua nzuri ya bingwa wa nyumbani husomwa pamoja na ya Mmarekani. Baada ya Step 1, mtihani wa kwanza wa USMLE, kugeuzwa kuwa ya kufaulu au kutofaulu tu mwezi Januari 2022, alama ya Step 2 CK imekuwa ndiyo tarakimu kuu, na hapo mtoto wa Muhimbili au wa Makerere anaweza kushindana na yeyote.

Hata hivyo, lazima nieleze kile ambacho njia hii haitoi. Wapo wanaoamini kuwa watasoma magonjwa ya ndani kisha watahamia chumba cha dharura baadaye. Bodi ya tiba ya dharura ya Marekani, ABEM, ilikwisha kuufunga mlango wa kufanya mtihani wake kwa uzoefu wa kazi mwaka 1988, na tangu hapo anayetaka kuwa bingwa aliyethibitishwa sharti apite mafunzo ya fani yenyewe. Unachoweza kupata kwa magonjwa ya ndani ni ubobezi wa wagonjwa mahututi, na kwa mtu anayependa kumwona mgonjwa aliyezidiwa akirudi katika hali yake, hiyo ni kazi iliyo karibu sana na moyo wake. Lakini si kazi ile ile. Daktari wa ICU humpokea mgonjwa ambaye mwenzake amekwisha kumtambua. Daktari wa dharura hupokea mama aliyezimia kituo cha basi, asiye na jina wala historia, na ana dakika chache za kujua kama ni sukari, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi au moyo. Anayependa dakika hizo hasa ajipime kwa uaminifu kabla ya kukubali miaka mitatu ya raundi za wodini.

Tiba ya familia nayo ina nafasi nyingi zinazobaki, 805 kati ya 5,357 mwaka 2025, na mabingwa wake katika miji midogo ya Marekani hufanya kazi katika vyumba vya dharura vya hospitali za vijijini ambako mabingwa wa dharura ni haba. Kwa mtu asiyejali kuitwa bingwa wa dharura mradi afanye kazi yake, njia hii inastahili kufikiriwa kuliko inavyofikiriwa sasa.

Viza

Madaktari wengi wa nje huingia mafunzoni kwa viza ya J-1 inayodhaminiwa na ECFMG, shirika la Marekani linalohakiki sifa za madaktari waliosomea nje. Ili kuipata, Wizara ya Afya ya nchi yako hutakiwa kuandika barua inayosema kuwa nchi inauhitaji ubingwa unaokwenda kuusomea, na baada ya mafunzo unapaswa kurudi nyumbani kwa miaka miwili, isipokuwa ukipata msamaha, ambao mara nyingi hutolewa kwa kukubali kufanya kazi miaka mitatu katika eneo lenye upungufu wa madaktari. Kila jimbo lina nafasi 30 za msamaha huo kwa mwaka. Barua ya wizara si jambo la wiki moja. Anayeanza kuifuatilia baada ya kupata nafasi mwezi Machi, ilhali mafunzo huanza Julai, anajitafutia usiku wa bila usingizi.

Viza ya kazi ya H-1B haina sharti la kurudi, ila inadai uwe umefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa USMLE, na programu iwe tayari kuigharamia. Tangu Septemba 2025 serikali ya Marekani iliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo kwa walio nje ya nchi, na hospitali chache zitakubali mzigo huo kwa daktari wa mwaka wa kwanza. Zito zaidi kwetu ni tangazo la Desemba 2025 lililoiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia wake wamesitishiwa viza kadhaa, J-1 ikiwemo, kuanzia 1 Januari 2026. Burundi ilikwisha kuwekwa katika zuio la namna hiyo tangu Juni 2025. Kenya haikuwemo katika orodha hizo mbili. Maana yake ni kwamba madaktari wawili wenye alama sawa na SLOE sawa, mmoja wa Namanga upande wa Tanzania na mwingine wa upande wa Kenya, hawako mahali pamoja tena. Matangazo ya namna hii hubadilika, na kila mwombaji anapaswa kusoma taarifa ya ubalozi katika mwezi anaolipa ada, lakini kwa Mtanzania ninayemshauri sasa, kuiweka Marekani kuwa tegemeo pekee ni kujiweka mahali pa hatari.

Uingereza

Uingereza mlango una umbo tofauti kabisa. Hakuna SLOE, wala hakuna siku moja ya upangaji inayoamua maisha ya mtu. Kuna mtihani wa lugha, kuna PLAB, mtihani wa kuwapima madaktari waliosomea nje, sehemu ya kwanza na ya pili, kisha usajili wa GMC, baraza la madaktari la huko. Au mtu anaweza kufanya mitihani ya MRCEM ya chuo cha tiba ya dharura cha huko, ambayo GMC huikubali badala ya PLAB. Kwa anayejua tangu mwanzo kuwa anataka dharura, njia ya MRCEM ina faida kubwa, kwa kuwa mtihani anaoufanya ili kupata usajili ndio huo huo unaomjengea ubingwa.

Nafasi rasmi ya mafunzo huanzia ACCS, hatua ya awali ya mafunzo ya huduma za ghafla, ambako daktari hupita dharura, magonjwa ya ndani ya ghafla, usingizi na wagonjwa mahututi, na safari nzima hadi kuwa bingwa huchukua miaka sita, mara mbili ya programu nyingi za Marekani. Ushindani wa nafasi hizo umepanda sana, na katika mpango wa afya wa miaka kumi uliotolewa Julai 2025 serikali ilitamka nia ya kuwapa kipaumbele wahitimu wa Uingereza. Kwa sababu hiyo wengi wa kwetu huanzia katika ajira za kawaida za chumba cha dharura zisizo za mafunzo, wanakusanya ushahidi wa kazi zao, wanafanya FRCEM, mtihani wa ngazi ya juu wa chuo kile kile cha MRCEM, na kuomba kutambuliwa kuwa mabingwa kwa njia iitwayo Portfolio Pathway. Ni njia ndefu, yenye makaratasi mengi, na inamhitaji mtu anayeweza kujisomea bila kusukumwa. Lakini kuna mshahara tangu mwezi wa kwanza, na unamgusa mgonjwa tangu siku ya kwanza.

Tanzania, Uganda na Rwanda zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu wa watumishi wa afya, ambako mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kwenda kuajiri. Hilo halimzuii daktari anayeomba mwenyewe moja kwa moja. Wapo waliokata tamaa kwa kutolielewa hivyo.

Nyumbani

Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huo huo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikaanza shahada ya uzamili ya miaka mitatu katika tiba ya dharura. Mabingwa wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Zamani mgonjwa aliyefika casualty aliandikiwa wodi ya kwenda, na wengi waliaga dunia kwenye kitanda cha kusukumwa kati ya lango na wodi. Leo kijana wa bodaboda anapoingizwa chumba cha ufufuo, yupo daktari anayeshika njia ya hewa, mwingine anapitisha kipimo cha ultrasound tumboni kutafuta damu, na muuguzi ameshapata mishipa miwili kabla ndugu hawajamaliza kuandikisha jina. Makerere, Mbarara na Kigali nako kuna mafunzo ya fani hii.

Kwa upana wa magonjwa, sidhani kama yupo wa kumzidi anayesomea hapa. Daktari anayesomea ubingwa huo Marekani atakuwa na vifaa vyote na usimamizi wa karibu, saa zake za kuhudumia wagonjwa katika chumba cha dharura zimewekewa kikomo cha 60 kwa wiki, na atalipwa kati ya dola 60,000 na 70,000 kwa mwaka wa kwanza. Wa Muhimbili atakosa kipimo siku anayokihitaji, lakini kabla ya kuhitimu atakuwa amewaona pepopunda, sumu ya nyoka, malaria kali kwa mtoto mwenye selimundu na figo zilizokufa kwa dawa za kienyeji, tena atachukua historia kwa lugha anayoiota usiku. Gharama ndiyo shida kubwa. Aliyeajiriwa serikalini na kupewa ruhusa ya masomo anaendelea kupokea mshahara wake. Anayejilipia mwenyewe hufanya kazi ya zamu kama wenzake huku akitoa ada mfukoni, na hilo naliona ni jambo lisilo la haki ambalo wizara ingeweza kulirekebisha.

Shahada hiyo haikuondolei mafunzo ya Marekani. Ukienda huko utaanza upya, na programu nyingi huwakwepa waliohitimu udaktari zaidi ya miaka mitano iliyopita, kwa hiyo miaka mitatu ya Muhimbili inaweza kuufunga mlango ule kabisa. Uingereza ni kinyume chake: uzoefu wa Muhimbili pamoja na MRCEM hukuweka mbele katika ajira na kukupa sehemu ya ushahidi wa Portfolio Pathway.

Yule kijana tulikaa naye hadi jioni. Hakuwa na SLOE, pasipoti yake ni ya Tanzania, na alikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu ahitimu. Alipoondoka alikuwa amezitoa barua zile tatu katika faili, na mahali pake akaweka fomu ya maombi ya MUHAS na ratiba ya mtihani wa kwanza wa MRCEM, akaniomba nimtafutie zamu za usiku katika chumba cha dharura hadi masomo yaanze.